Tango Limetoka Wapi? Uliza, Lakini Usiulizie Vitamini

Ukitaka kujua kama Mnairobi anajali chakula chake kimetoka wapi, simama karibu naye akinunua mchele. "Hii ni pishori ya Mwea kweli, ama mmechanganya?" Atachota kiganja, atanusa, atatafuna punje mbili tatu, ndipo aingize mkono mfukoni. Machungwa akiambiwa ni ya Tanzania, hana neno. Viazi vina kwao, vitunguu vina kwao, maembe ya Makueni yanatajwa kwa jina. Lakini miaka yote hii niliyonunua mboga katika vibanda vya Buruburu, sijasikia mtu akimwuliza mama mboga, "Mabiringanya haya ni ya wapi?" Tango nalo ni tango tu. Linaangaliwa rangi, linafinywa kidogo, linatiwa mfukoni, basi.

Mimi nilianza kuuliza kwa sababu nilikasirika. Katika duka moja kubwa hapa mjini nilikuta matango yamefungwa mawili mawili kwenye plastiki, bei yake karibu mara mbili ya kibandani, na juu yake karatasi inayosema yamelimwa nyanda za juu na kwa hiyo yana virutubisho zaidi. Nyumbani nina mzee mwenye shinikizo la damu, na daktari alikuwa amemwambia ale mboga na matunda kwa wingi. Nikanunua. Nilipomwuliza kijana aliyekuwa akipanga rafu ni nyanda zipi hizo, akanijibu kwa upole, "Mimi huletewa tu, sijui." Jioni nilipoyakata, tango la pili lilikuwa limeanza kuteleza upande mmoja, na katikati limelegea kama sifongo. Nilikuwa nimelipia maneno ya kwenye karatasi, kwa pesa ambazo zingemnunulia mzee wangu ndizi na maparachichi ya siku tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jambo hili: nasoma, nauliza sokoni, nauliza wakulima. Msimamo wangu ni huu. Eneo linabadilisha mboga, hilo ni kweli kabisa. Ila kwa tango na biringanya, vitamini ni sababu ya mwisho ya kuuliza zimetoka wapi, na anayekuuzia jina la mahali kama dawa anakutoza bure.

Chukua tango la gramu 300. Takriban gramu 285 kati ya hizo ni maji. Zinabaki gramu 15, na humo ndimo sukari, nyuzi, madini na vitamini vyote vinamobanana. Potasiamu, ambayo ndiyo niliyomtafutia mzee wangu kwa ajili ya presha, ni karibu miligramu 147 katika kila gramu 100 za tango. Sasa tuseme kuna shamba lenye udongo wa ajabu unaoongeza potasiamu hiyo kwa sehemu moja ya tano. Utapata miligramu 176. Umeongeza 29. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na ndizi mbivu ina kama 358 katika gramu 100. Zile 29 za mlimani ziko ndani ya kipande cha ndizi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Vitamini C ndiyo kabisa: tango lina karibu miligramu 3 katika gramu 100, na hoho la kijani linalokaa kando yake kibandani lina zaidi ya mara 20 ya hizo. Hata kama kaunti fulani ingeweza kuzidisha vitamini C ya tango mara mbili, bado tusingekuwa na jambo la kutangaza.

Biringanya lina mwili zaidi kidogo. Maji ni kama asilimia 92, nyuzi karibu gramu 3 na potasiamu karibu miligramu 229 kwa gramu 100. Nitalirudia, kwa sababu lina siri ambazo tango halina.

Nisieleweke kwamba udongo ni porojo. Udongo umewahi kuumiza mataifa. Nchini Finland ardhi ilikuwa na seleniamu kidogo mno, na watu wakapungukiwa nayo kupitia chakula chao wenyewe, hadi mwaka 1984 serikali ikaamua madini hayo yatiwe kwenye mbolea za nchi nzima. Karibu na kwetu, mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa nafaka za Ethiopia na Malawi, ukaonyesha kwamba seleniamu, zinki na madini mengine katika nafaka yanapanda na kushuka kutoka eneo hadi eneo, na udongo ni sehemu kubwa ya sababu. Hapa kwetu wazee wanakumbuka rovu, ule uvimbe wa shingo wa watu wa nyanda za juu, kabla chumvi haijawekwa madini ya ayodini. Kwa hiyo familia inayokula mahindi ya shamba lake mwenyewe, asubuhi na jioni, mwaka mzima, ina haki ya kujua udongo wake una nini. Nafaka inaliwa kwa wingi na kila siku. Tango ni vipande sita kando ya pilau.

Kuna jambo jingine ambalo nilipolielewa niliacha kabisa kulidai tango linieleze habari za udongo. Kalsiamu haitembei ovyo ndani ya mmea. Inapanda na maji kutoka kwenye mizizi, na maji yanavutwa na majani, kwa sababu majani ndiyo yanayotoa jasho juani. Tunda lina ngozi, halitoi jasho jingi, kwa hiyo linapata makombo. Mkulima yeyote wa nyanya ameuona ugonjwa wa kitako cheusi, tunda linaoza kwa chini likiwa bado shambani. Mara nyingi kalsiamu imejaa tele udongoni, tatizo ni kwamba leo umemwagilia, kesho umesahau, na tunda halikufikiwa. Ndiyo maana ukitaka kuona tofauti za ardhi kwenye sahani, angalia sukuma wiki, terere na managu kwanza. Jani linabeba habari za ardhi yake kuliko tunda.

Ninayoyasema kuhusu jua niliyajifunza Kibwezi.

Shangazi yangu analima mabiringanya huko, umbali wa kama kilomita 200 kutoka Nairobi ukishika Barabara ya Mombasa. Kibwezi iko chini kuliko sisi, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na sisi Nairobi tunakaribia 1,700. Nilifika mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, ardhi imekauka na vumbi jekundu limepanda hadi kwenye madirisha. Saa sita mchana majani ya mabiringanya yalikuwa yamelala kana kwamba yamekufa. Nikamwambia, "Shangazi, haya yameenda." Akacheka. "Ngoja jioni, mwanangu. Yanajificha jua." Na kweli, saa kumi na mbili yalikuwa yamesimama.

Alichuma moja, zito, jeusi la kung'aa hadi unajiona usoni. Akashika ile kofia ya kijani iliyo kichwani mwa tunda, akaivuta taratibu kwa ukucha na kuifunua. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, imechorwa mpaka ulionyooka kama mkono uliovaa saa miaka mingi. "Unaona? Mahali jua halikufika, hakuna rangi. Hii rangi si ya mbegu peke yake, jua ndilo linalopaka."

Shangazi hakusoma kemia, lakini amesema sawasawa. Rangi ile ya zambarau ni anthosianini, na katika mabiringanya mengi meusi mmea hauitengenezi bila mwanga. Ni ngao ya tunda dhidi ya jua, na ni miongoni mwa vitu ambavyo watu wa lishe wanavisifia biringanya. Mojawapo inaitwa nasunini, jina lililotokana na nasu, yaani biringanya kwa Kijapani. Hapa ndipo eneo linapoingia kwa kweli: mwanga mkali unaongeza rangi, nailoni ya grinihausi inayochuja miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inaweza kuipunguza, na joto likizidi mno nalo linaizuia rangi isijengeke vizuri. Kwa hiyo hakuna "mkoa bora" unaoweza kuuchora kwenye ramani. Shamba lenye kivuli cha migomba Kirinyaga na shamba la wazi hatua mia moja kutoka hapo yanaweza kutofautiana. Hata tunda lililojificha chini ya majani na ndugu yake aliye nje, kwenye mche mmoja, si sawa.

Nyama ya ndani ina hadithi yake. Likate biringanya na uliache dakika kumi. Ule ukahawia unaotambaa juu yake unatokana hasa na asidi ya klorojeni, kemikali ya kinga ambayo ndiyo nyingi kuliko nyingine za aina yake katika nyama ya biringanya, ikikutana na hewa na vimeng'enya vya tunda lenyewe. Watu wengi wanaona ukahawia ule wanadhani biringanya limeharibika. Halijaharibika. Lina kile tulichokuwa tukikitafuta. Biringanya likichelewa shambani hadi mbegu ziwe kahawia na ngumu, kinga hiyo hupungua na uchungu ukazidi, kwa hiyo siku ya kuchuma ina uzito kuliko jina la kaunti.

Tango nalo linaathiriwa na joto kwa njia ambayo ulimi unaisikia. Uchungu wake unatokana na kukabitasini, na mmea ulioteswa na kiu na jua hutengeneza nyingi zaidi, hasa upande wa kikonyo na chini ya ganda. Matango ya msimu wa kiangazi kutoka mashamba yasiyo na maji ya uhakika ndiyo yanayonipa wasiwasi. Mama yangu alikuwa akikata ncha na kuisugua hadi povu litoke. Mimi nakata ncha pana na kuitupa, kisha naonja. Likiwa chungu sana halipikwi wala halilazimishwi, linatupwa, maana sumu hiyo ikizidi inaumiza tumbo vibaya.

Mbegu tusiisahau. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas wakiongozwa na Donald Davis walilinganisha takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 1950 na 1999 kwa mazao 43 ya bustani. Kwa jumla, virutubisho 6 kati ya 13 vilikuwa vimeshuka, vikiwemo protini, kalsiamu, chuma na vitamini C. Maelezo waliyoyaona yana uzito zaidi ni mbegu mpya: tumechagua zinazozaa sana na upesi, na tunda likijaa maji haraka, madini hayafuati kwa kasi hiyo hiyo. Mbegu mbili tofauti kwenye shamba moja huweza kupishana kuliko mbegu moja kwenye mashamba mawili. Lakini hakuna karatasi ya dukani iliyowahi kuniambia aina ya mbegu.

Ndiyo maana nasoma majedwali ya vyakula, yale yanayoorodhesha virutubisho vya kila chakula, kwa heshima na kwa tahadhari. Kenya ina lake, lililotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, baada ya kukaa na lile la 1993 kwa robo karne. Ni kazi kubwa na ya maana. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukisoma lishe yetu kwa takwimu za mboga za nje. Ila nambari moja mbele ya neno "biringanya" ni wastani. Si ahadi ya hili ulilolishika mkononi.

Na sasa jikoni, mahali ambapo sisi wenyewe tunafanya uharibifu kuliko udongo wowote. Tango lenye ganda lina karibu mikrogramu 16 za vitamini K katika gramu 100. Limenye, zinabaki kama 7. Zaidi ya nusu imeenda kwenye ndoo ya taka kwa kisu cha dakika moja. Biringanya ukilimenya, ile rangi yote ambayo jua la Kibwezi lilifanya kazi wiki kadhaa kuipaka, umeitupa. Kisha tunalikaanga, na biringanya hunywa mafuta kama sifongo. Gramu 100 zake zina kalori kama 25. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu 120. Nyumbani kwetu sasa tunalichoma kwenye jiko la makaa au tunalipika na nyanya na kitunguu, mafuta kijiko kimoja, ganda lake juu.

Mtu ataniambia ganda lina dawa za wadudu. Ni kweli linaweza kuwa nazo, na hapa ndipo swali la "limetoka wapi" linapopata maana yake.

Tango tunalila bichi. Halipiti motoni. Maji yaliyolimwagilia, na mikono iliyolichuma, viko kwenye kachumbari yako. Nairobi hii kuna bustani zinazonyweshwa majitaka kandokando ya mito yetu, kila mtu anayepita kwenye madaraja yake anaziona. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichunguza eneo la jalala la Dandora, likapima watoto 328, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Madini hayo yako udongoni pia. Mboga za majani na mizizi huyabeba zaidi kuliko matunda kama tango, lakini vijidudu vya majitaka havichagui. Ningependa kujua tango langu lilinyweshwa maji gani kabla sijajua lina vitamini ngapi. Na dawa ilipulizwa siku ngapi kabla ya kuchumwa. Hayo mkulima anayajua, broka anaweza kuyauliza, na mama mboga anaweza kuyapokea. Inawezekana kabisa, kwa sababu tayari tunafanya hivyo kwa mchele na machungwa.

Sababu ya pili ni siku. Alfajiri moja nilikwenda Marikiti, soko la jumla la mboga hapa Nairobi, kuona kwa macho yangu. Saa kumi na moja, taa za magari, mikokoteni inapiga mluzi upite pembeni. Kanta moja ilikuwa ikishusha magunia ya mabiringanya. Nikamwuliza aliyekuwa juu yake yametoka wapi. "Kibwezi. Yamechumwa juzi." Gunia la pembeni, la mwuzaji mwingine, lilikuwa la Mwea, kilomita kama 100 tu, lakini mabiringanya yake yalikuwa yamelegea na kofia zimekauka kahawia, kwa sababu yalikuwa yamekaa hapo tangu mwanzo wa wiki. La mbali lilikuwa bichi kuliko la karibu. Ramani haikusema kitu. Kofia ilisema: ya kijani na yenye miiba inayochoma ni ya juzi, ya kahawia na laini imechoka.

Na friji haiyaokoi yote. Tango na biringanya ni mazao ya joto, yakikaa siku nyingi chini ya nyuzi 10 yanaumia kwa baridi; ngozi inabonyea, ndani panakuwa majimaji. Nashuku lile tango langu la "nyanda za juu" liliumia namna hiyo.

Kwa hiyo ninachokidai kwa wauzaji ni maneno matatu tu kwenye karatasi: mahali, maji, siku ya kuchumwa. Anayetaka kuandika "virutubisho zaidi" aoneshe kipimo cha mzigo huo, si mlima.

Mama mboga wangu alinishangaa wiki za kwanza. Alidhani natafuta sababu ya kushusha bei. Siku ya tatu akaanza kumwuliza aliyemletea. Jumamosi iliyopita nilipofika kibandani alikuwa amegawa matango mafungu mawili, na kabla sijafungua mdomo akanyoosha kidole. "Kastoma, haya ni ya Kitengela, ya grinihausi, wanamwagilia na maji ya kisima. Yamechumwa jana jioni. Yale ni ya Jumatano, hayo nitawapa wa kachumbari ya leo leo kwa bei ya chini." Nikachukua manne ya Kitengela. Akaniongezea biringanya moja, akalifunua kofia kwa kidole gumba kama nilivyomwonyesha, tukaangalia pamoja ule mpaka mweupe.